Usile Peke Yako Mpaka Pasaka

Swali lililoninyima usingizi miezi ile lilikuwa dogo, na kila nilipolitamka moyoni lilionekana la kijinga: njaa hii ni ya nani?

Nilikuwa nimekula. Nilijua nimekula, kwa sababu harufu ya maharage ilikuwa bado vidoleni. Lakini nikishajifunika mablanketi tu, na baridi ya Sumbawanga ikaanza kupenya chini ya mlango, tumbo lilianza kudai upya, kama mgeni aliyechelewa na hajui kwamba vyombo vimeshaoshwa. Akili nayo ikaamka kulijibu. Kama njaa hii ni yangu, basi nimekuwa mtu wa namna gani? Na kama si yangu, kama ni ya ile sindano, basi mimi ninayehangaika kuilisha ni nani? Nililigeuza swali hilo kila upande, kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa mto wa kulalia, mpaka jogoo wa jirani akawika.

Nieleze habari ya sindano. Nilikuwa nimemaliza chuo, ualimu wa sekondari, nikarudi kusubiri ajira kama wenzangu wengi. Nilikaa kwa shangazi, dada wa baba yangu, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba sokoni, na asubuhi nilikwenda kujitolea kufundisha katika shule moja ya kata. Mwanaume niliyekuwa naye tangu chuoni alipata ajira kabla yangu. Akapangiwa shule huko Kabwe, ziwani. Tulikubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi atapanda kuja kuniona. Mimi, ninayepanga hata namna ya kuvuka barabara, nikaenda mapema kituo cha afya nikachoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu.

Mwezi ule wa mwanzo alipanda. Uliofuata barabara iliharibika kwa mvua. Halafu akawa na mitihani ya kusahihisha. Halafu hakutoa sababu yoyote, ila alimpa kondakta wa basi boksi la migebuka waliokaushwa aniletee. Samaki walifika salama. Nami, miezi mitatu ilipotimia, nikarudi kuchoma nyingine, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kama kusema kwa sauti jambo ambalo hakuna aliyelisema. Kwa hiyo mwili wangu ukaendelea kulindwa dhidi ya mtu ambaye hakuwepo.

Kabla ya hapo njaa yangu nilikuwa naifahamu. Ilikuwa na ratiba yake. Zikikaribia siku zangu, wiki ile ya mwisho, nilitaka chumvi, nilitaka mafuta, nilitaka ukoko wa ugali ulioshika chini ya sufuria. Chuoni mwenzangu wa chumbani alikuwa akificha karanga zake akiniona nazungukazunguka. Siku zikishafika, hamu ile ilikatika kama mvua, nikarudi kuwa mtu wa kikombe cha chai na mkate. Sikuwahi kuiogopa, kwa sababu ilikuwa na mwisho.

Nilikuwa nimeirithi. Mama yangu, aliyeko kijijini Pito, analima mahindi na ulezi, na tulipokuwa watoto tulijua kwamba zipo jioni ambazo atakaanga karanga kwa chumvi nyingi, atavuta kigoda karibu na moto, na atakula bila haraka akitazama makaa. Sisi tulimzunguka kama kuku. Baba alitania: "Leo mama yenu ana tumbo la mpalilia ulezi." Mama alimjibu, "Na wewe ukae mbali," na wakacheka kicheko chao ambacho sikukielewa mpaka nilipokua. Wazazi wangu walifuata uzazi wa mpango kwa njia ya asili, waliofundishwa parokiani. Mama alisoma mwili wake, na ingawa mafundisho yale hayakutaja karanga, yeye alizihesabu miongoni mwa dalili za siku salama.

Baadaye nilisoma kwenye simu, kama ninavyosoma kila kitu, kwamba hata sayansi inakubaliana na karanga za mama. Yai likikaribia kukomaa, homoni iitwayo estrojeni hupanda, na wanawake wengi hula kidogo kidogo siku hizo. Yai likishatoka, projesteroni hushika zamu, na hamu ya kula huongezeka mpaka damu ije. Na sindano ile ni jamaa wa hiyo homoni ya pili, iliyotengenezwa ikae mwilini muda mrefu. Wengine huhisi njaa, niliendelea kusoma, wengine hawahisi chochote, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni kwa kiasi gani. Nikazima simu. Nilikuwa nimetafuta jibu nikapata labda, na labda ndicho chakula kibaya kuliko vyote kwa mtu kama mimi.

Nilichojua kwa hakika ni hiki: siku zangu zilikata, muuguzi alikuwa amenionya kwamba zinaweza kukata, na zilipokata kalenda yangu ya njaa nayo ikapotea. Ikabaki ile wiki ya mwisho tu, ikijirudia.

Kwa shangazi tulikula sinia moja, wanawake wanne: shangazi, mabinti zake wawili na mimi. Mkubwa alikuwa kidato cha nne, mdogo shule ya msingi, wote ndimi zao zimenolewa. Tulikaa kwenye vigoda jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Jioni moja, ugali na maharage, na kabichi pembeni, yule mkubwa akaacha kutafuna akanitazama.

"Dada, huo mkono umefungwa injini ya bodaboda?"

Mdogo akacheka mpaka akapaliwa.

"Mwacheni dada yenu ale," shangazi akasema. "Kutwa nzima amesimama darasani."

"Na sisi kutwa nzima tumekaa darasani, mama. Kukaa nako kunachosha."

"Kukaa kunachosha wapi? Kwenye makalio?"

Tukacheka wote, na mimi nilicheka kweli. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini siku iliyofuata nilianza kuutazama mkono wangu. Kwenye sinia hakuna aliyekuandikia sheria, ila kila mtu anazijua: unakwenda na mwendo wa wenzako, tonge lako halizidi la mkubwa wako, hukimbilii mboga. Nimekula hivyo maisha yangu yote bila kufikiri. Sasa nikawa nafikiri. Nikamega tonge dogo, nikasubiri shangazi amege, nikamega tena. Nikautazama ugali ukipungua upande wa kila mmoja, na nikagundua kwamba simsikilizi shangazi akieleza habari ya mteja aliyerudisha koti baada ya kulivaa kwenye kipaimara. Wenzangu walikuwa wanakula na kuzungumza. Mimi nilikuwa nasimamia mtihani, na mtahiniwa nilikuwa mimi.

Nikainuka pale na njaa ile ile. Siku chache baadaye nikasema maneno ambayo yaligeuka kuwa desturi: "Nimeshakula shuleni."

Shuleni palikuwa na uji tu. Nilichokula nilikula njiani, au nyuma ya stoo ya vitabu, mgongo kwa mlango. Mayai ya kuchemsha. Chapati iliyofungwa kwenye karatasi ya mtihani wa mtu. Mahindi ya kuchoma, maana yalikuwa yameanza kukomaa. Nilikula haraka, kisha nikanawa, kisha nikanusa mikono. Kwetu mtu huweza kukiri kwamba amelala njaa na wakamhurumia. Lakini mtu anayejificha ale, hata kama ni chake, hata kama hakumnyima yeyote, hana pa kuanzia kujieleza. Wale migebuka wa kutoka Kabwe niliwala peke yangu wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuwapika, nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda. Sikuwapeleka jikoni kwa sababu shangazi angeuliza wametoka kwa nani. Walikuwa na chumvi nyingi. Nilikula nikimkumbuka aliyewatuma, na nikashindwa kutenganisha kumkumbuka na kula. Labda, nilifikiri, hata hii si sindano. Labda ni upweke tu umevaa nguo za njaa. Usiku huo nao ukapita hivyo.

Shangazi aliona. Mwanamke anayeuza mitumba hujua kiuno cha mtu bila futi ya kupimia.

"Hebu kaa hapa," aliniambia Jumamosi moja, binti zake wakiwa wameenda kuteka maji. "Hapa nyumbani huli. Sketi hazifungi. Hilo nalo ni hesabu ya chuo?"

Nikaketi. Nilijua swali linalofuata, na nilikuwa nimeandaa jibu lake.

Lakini hakuuliza nilichotarajia. "Mimba si mimba," akasema, akinitazama shingoni. "Mimba ningeiona. Hii ni minyoo."

"Minyoo, shangazi?"

"Minyoo. Huko shuleni mnakula makande ya maji ya mtoni. Wanakula wao, wewe unabaki na njaa. Nilishamwona mtu hivyo hivyo, akapewa dawa akapona." Akatoa kidonge kikubwa kwenye kanga. "Kitafune. Usimeze mzima."

Nilikitafuna mbele yake. Kilikuwa na ladha ya chungwa la uongo. Na sijui nieleze vipi, nilikitafuna kwa matumaini makubwa kuliko niliyokuwa nayo katika sala yoyote mwaka ule. Nilitamani sana iwe minyoo. Minyoo ni wageni, unawafukuza, unarudi kuwa wewe. Nikamshukuru shangazi machozi yakinilenga, naye akadhani ni uchungu wa dawa.

Haikuwa minyoo.

Kwaresima ikaingia na mvua. Nyumbani tulifunga Ijumaa, na Ijumaa hizo zilinishinda. Hapo ndipo nilipoingiwa na wazo ambalo nadhani lisingeweza kumjia mtu ambaye hakulelewa kwetu, kwenye katekisimu ya Jumamosi na orodha yake ya vilema saba vya mizizi, ambavyo dhambi nyingine zote huota kwake. Kiburi, uchoyo, uzinzi, hasira, ulafi. Nikasimama kwenye ulafi. Miaka yote nilikuwa naupita haraka, nikidhani ni dhambi ya watu matajiri walionona. Sasa nikajiona ndani yake kama mtu anayekutana na picha yake ukutani kwa watu. Basi si ugonjwa wala si sindano, nikajiambia. Ni dhambi, na dhambi ina dawa inayojulikana.

Nikaenda kuungama ulafi. Sindano sikuiungama. Kuungama sindano kungenilazimu kuahidi kuiacha, na nilikuwa sijaamua. Tayari nilikuwa nimeshatumia wiki nzima kujiuliza kama kitubio chenye pengo ni kitubio.

Foleni ilikuwa ndefu, watu wamejikunyata na masweta kwenye mabenchi. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti, nikasema yale ya kuanzia, kisha nikasema: "Baba, nina ulafi."

Nyuma ya wavu padri akasogea karibu. Nafikiri hakuwa amelisikia hilo mara nyingi kutoka kwa sauti ya msichana.

"Unakula chakula cha wengine?"

"Hapana, Baba. Changu."

"Unawanyima watu?"

"Hapana. Nakula peke yangu."

"Kwa nini peke yako?"

Nilifungua mdomo. Majibu yalikuwa mengi, ndilo tatizo langu siku zote, na yote yalipitia kwenye sindano. "Naona aibu," nikasema.

Akavuta pumzi. Labda alikuwa amechoka, labda alitazama foleni. "Malipizi yako," akasema, "usile peke yako mpaka Pasaka. Na usali rozari moja. Nenda kwa amani."

Nilitoka nikiwa nimepungukiwa. Nilikwenda kutafuta kufunga, nikapewa kula. Njia nzima nikawa nachambua. Je, chai bila kitafunwa ni kula? Nikinunua hindi nikalila nikitembea katikati ya watu wasionijua, nimekula peke yangu au nimekula na umati? Nikila nyuma ya stoo, na upande wa pili wa ukuta kuna darasa zima la kidato cha pili, ukuta unahesabika? Nilimaliza rozari yote nikifikiri mambo hayo, na sijui Mama Maria aliipokea vipi.

Kwa siku chache nilirudi kwenye sinia. Nikala taratibu, nikainuka na njaa, na nje sikula kwa sababu ya malipizi. Nikawa mkali darasani. Mwanafunzi aliyechelewa kidogo nilimfokea mpaka nikajisikia vibaya. Ndipo nikapata mwanya niliouona halali: nitafute mtu wa kula naye ambaye hanijui.

Karibu na pale yanaposimama magari yanayopanda kutoka bondeni alikuwa akikaa mama mmoja wa Kisukuma, familia yake wafugaji, wamehamia Kaoze, huko bondeni, na ng'ombe wao. Alileta samli kwenye madumu madogo, na akisubiri wateja alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nikanunua viazi vya kuchemsha, nikamwomba nikae naye nile.

"Kaa, mwalimu," akasema. Chaki ilikuwa kwenye mkono wa sweta langu. Akanisogezea bakuli lake katikati, akachukua kiazi changu bila kuuliza, na hapo tukawa tunakula pamoja.

Baada ya muda akasema, "Mbona unakula kama unafukuzwa?"

Nikacheka. Kisha, kwa sababu kesho yake angeteremka mlima na asingekutana na shangazi hata kwa bahati mbaya, nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: "Nilichoma sindano. Tangu hapo sishibi."

"Ya uzazi?" aliuliza kwa sauti ya kuita mbuzi. Utingo mmoja aligeuka.

"Polepole, mama."

"Polepole ya nini? Mimi nilichoma hiyo hiyo baada ya mtoto wa tano. Mimi chakula kilinishinda. Nikiona ugali naona matope. Baba watoto akadhani nimemchoka."

"Sindano ile ile?"

"Ile ile."

"Sasa inawezekanaje?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowanisha. "Una ng'ombe kwenu?"

"Hatuna."

"Ndiyo maana. Ng'ombe wa zizi moja unawawekea chumvi moja. Mmoja analamba mpaka anakula na udongo. Mwingine anageuza shingo. Utamuuliza?"

"Ulifanyaje?"

"Nilirudi nikawaambia. Wakanipa kijiti cha mkononi, hicho tumeelewana. Wewe umewaambia?"

"Hapana."

"Hujamwambia mtu?"

"Nimemwambia padri," nikasema, na mara moja nikajua kwamba hata hilo si kweli yote.

Aliweka bakuli chini kwanza, ndipo akacheka, akijipiga paja. "Padri! Siku hizi padri ndiye anachoma sindano?"

Nilicheka naye mpaka mbavu zikauma. Wiki iliyofuata nilirudi na viazi, hakuwepo. Mvua ilikuwa imekata barabara ya bondeni, wakasema. Nilisimama pale na mfuko wangu ukitoa mvuke. Nilikuwa nimemjua kwa mlo mmoja tu, na nikashangaa jinsi pengo lake lilivyokuwa kubwa. Ndipo nilipopima upweke wangu sawasawa: ulitosha kumfanya mtu aone ukiwa kwa kumkosa muuza samli.

Juma Kuu lilikuwa linakaribia, na katikati yake ilikuwa siku yangu ya kurudi kuchoma. Jumapili ya Matawi simu ikaita. Alikuwa yeye, wa Kabwe.

"Mambo."

"Poa."

"Sikiliza, Pasaka nakuja. Safari hii kweli, nimeshaomba ruhusa."

Moyo uliruka, sitaficha. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, miguu ikiwa kwenye jua dogo lililojitokeza, na kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa kama chuoni.

Halafu akasema, "Ile sindano umeshachoma?"

"Bado. Jumatano."

"Basi usisahau, mama. Si unajua."

Najua. Aliongea mengine, kuhusu mwalimu mkuu wake na bei ya mafuta ya taa, nami niliitikia. Tulipoagana nikabaki nimeshika simu. Hakuwa amesema jambo baya. Lilikuwa jambo la busara. Ningekuwa mimi ningelisema. Lakini miezi yote ile nilikuwa naishi na sindano kama mtu anayeishi na mpangaji mkorofi, na yeye ameiuliza kama anavyouliza kama geti limefungwa. Hakuwahi kuuliza inanifanya nini. Na kwa haki, sikuwahi kumwambia.

Siku zilizobaki hadi Jumatano nilifanya kile ninachokijua, nilifikiri. Nikichoma, ni kwa sababu anakuja. Na asipokuja? Nimejitwisha miezi mingine mitatu ya stoo ya vitabu. Nisipochoma kwa sababu siamini kwamba atakuja, hapo namhukumu kabla ya kosa. Nisipochoma ili kumkomoa, bado ni yeye anayeshika usukani. Nikiacha kwa sababu ya kanisa, mbona sikuogopa kanisa mara mbili zilizopita? Kila upande nilioupita nilikuta mtu amesimama: yeye, padri, shangazi na sketi zake, hata mama na karanga.

Jumanne jioni nilikuwa nachambua mchele uani. Shangazi na binti zake walikuwa kwenye sala ya jumuiya, nyumba imenyamaza. Nikajaribu jambo ambalo sikuwahi kulijaribu. Niliwatoa watu wote kwenye swali, mmoja mmoja, kama ninavyotoa mawe kwenye ungo, nione nini kitabaki. Nilipomtoa yeye, nilihisi baridi. Nilipomaliza kuwatoa, nilibaki peke yangu kuliko nilivyowahi kuwa, nyuma ya stoo na kwenye kitanda na kila mahali. Niliogopa. Lakini pale palipobaki mtu mmoja, jibu halikuwa gumu. Nilitaka kuijua njaa yangu tena. Nilitaka ianze na ikome. Kama ilikuwa ya sindano, niione ikienda. Kama ilikuwa yangu, niione uso. Na iwapo siku moja nitahitaji kinga, nichague nikiwa nimeuliza maswali yote, kwa ajili ya mtu aliye karibu nami.

Jumatano nilikwenda kituo cha afya kabla ya vipindi. Benchi lilikuwa na wanawake wengi, wengine na watoto migongoni. Ningeweza kutokwenda tu, na hakuna ambaye angenifuata. Lakini kutokwenda kungekuwa kujificha kwingine. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye paji la uso, tayari ameshachukua bomba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Bega gani leo?"

"Leo sichomi, mama."

Akashusha miwani. "Una mimba?"

"Hapana."

"Umeachika?"

Nilifikiri. "Sijui," nikasema, na mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia akaguna kicheko. "Ila si hilo. Tangu nianze nina njaa isiyokwisha. Siku zangu zimekata, njaa haikatiki. Nimekuwa najificha nile."

Aliweka bomba chini. "Muda wote huu? Na mara iliyopita nilikuuliza kama kuna shida, ukasema hakuna."

"Nilidhani ni tabia yangu."

"Hee," akasema, si kwa ukali. Akavuta kiti akakaa. Akanieleza taratibu: wapo wanaoongezeka hamu ya kula, wapo wasioona tofauti, na hawezi kuniapia kwamba yote ni sindano, maana mtu akiwa na mawazo pia hula. Hata nikiacha leo, dawa haitoki mwilini siku moja. Miezi inaweza kupita kabla siku zangu hazijarudi, na nisidhani kwamba kwa sababu hazijarudi siwezi kushika mimba. Akataja kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Akataja kondomu, akanitazama juu ya miwani alipoitaja. "Usikae bila kitu kama kuna mtu."

"Kwa sasa hakuna mtu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kwa sauti yangu mwenyewe. "Akiwepo nitarudi, tuanze upya."

"Uje useme. Mimi siyasomi matumbo."

Nje, ukungu ulikuwa bado haujainuka. Nikasimama kando ya ukuta nikampigia kabla ujasiri haujapoa. Alipokea akiwa na kelele za wanafunzi nyuma yake.

"Sijachoma," nikasema. "Na sitachoma. Imekuwa ikinisumbua tangu mwanzo, sikukuambia. Nakuambia sasa, kabla hujakata tiketi."

Kelele zikapungua; nafikiri alitoka nje ya darasa. "Sasa," akasema, "nije au nisije?"

Zamani ningemjibu kwa niaba yake, kisha ningekesha nikijiuliza kama nimemjibu vizuri.

"Hilo ni la kwako," nikamwambia. "Mimi langu nimeshalimaliza."

Nikaaga, nikakata simu mimi kwanza, nikaanza kutembea kuelekea shuleni, maana kipindi changu kilikuwa kimekaribia.